Mtunga Uzi wa Bibi

Chumba cha Bibi kilikuwa na sheria moja, nayo ilikuwa fupi: anayekohoa haingii.

Aliyeiweka ni mwanawe wa kiume, fundi bomba, mtu mpole asiyependa kuamrisha watu. Lakini msimu wa baridi uliopita mama yake alishikwa na kikohozi kikamlaza hospitali, akarudi nyumbani amebaki ngozi na mifupa, kifua kikilia kama mlango usiotiwa mafuta. Daktari alisema kifua hicho kimechoka, kisijaribiwe tena. Tangu hapo fundi bomba akawa mkali kwa jambo hilo moja tu. Baridi ilipoanza kurudi, alifunga dirisha la chumba cha mama yake, akaziba nyufa kwa matambara ili upepo usipenye, kisha akaweka kigoda nje ya mlango. Mwenye kikohozi anaishia kwenye kigoda. Akitaka kumsalimia Bibi, amsalimie akiwa hapo hapo.

Mke wake aliiona sheria hiyo kuwa nzuri. Yeye alikuwa msusi, akiwasuka wateja wake barazani, na mtaa mzima ulimwita Mama Chiriku kwa jina la utani la binti yake. Alimpenda mama mkwe wake mapenzi ya kweli, si ya kuonyesha watu. Alikuwa ameingia nyumba ile msichana mdogo asiye na mama, hajui hata kuwasha jiko bila kujaza moshi ndani, na Bibi hakumcheka. Wageni walipokuja siku moja wakakuta chakula kimeungua, Bibi alisema yeye ndiye aliyeagiza hivyo, kwamba hapendi chakula kisichoungua kidogo. Akakila chote. Mama Chiriku hakuwahi kulisahau lile.

Bibi naye alikuwa na kazi yake. Fundi wa nguo wa mtaa wa pili alishona mashati kwa cherehani, lakini matundu ya vifungo alimletea Bibi ayamalizie kwa mkono, maana tundu la Bibi halifumuki hata shati liishe kuchakaa. Mikono yake ilikuwa bado mizima. Kilichomsaliti ni macho. Kushona angeweza hata akifumba, ila kutia uzi kwenye sindano kulimshinda kabisa, na hapo ndipo Chiriku alipopata cheo.

Chiriku alikuwa ndiyo kwanza ameanza shule. Mdomo wake haukujua kupumzika. Alizungumza akila, alizungumza akioga, na baba yake aliapa kwamba alimsikia akizungumza usingizini, tena akijijibu. Kila akirudi shuleni alitupa begi, akaingia moja kwa moja kwa Bibi, akapanda kitandani na kuanza kazi. Aliichukua ncha ya uzi akaitia mdomoni, akailowesha kwa mate, akaisokota kwa midomo mpaka ikachongoka, kisha akaipenyeza kwenye tundu la sindano mara moja bila kukosea. Bibi alishona, akaukata uzi kwa meno, akamrudishia sindano. Mtoto akaitia uzi tena. Na wakati wote huo alikuwa akisimulia habari za shule, amemsogelea Bibi pua kwa pua, kwa sababu masikio ya Bibi nayo yalikuwa yameanza kuzeeka.

"Mke mwenzangu," Bibi alimwambia, "siku ukiolewa nitakuwa nimekwisha. Nani atanitungia uzi?"

"Siolewi," Chiriku alijibu. "Mume wako ananitosha."

Wakacheka wote wawili, ingawa huyo mume, yaani Babu, alikuwa amefariki kabla Chiriku hajazaliwa.

Siku moja Chiriku alirudi na makamasi. Yalikuwa membamba, yakishuka na kupandishwa, yakishuka na kupandishwa. Mama yake aliyafuta kwa kitambaa akaendelea na kichwa alichokuwa akikisuka. Mteja aliyekaa chini alimtazama mtoto, akaona jino la mbele linacheza, akasema ni hilo jino linaloleta makamasi, hata wa kwake huwa hivyo. Mama Chiriku alikubali. Mtoto hakuwa na homa. Alikula akamaliza, akaomba tena, akaruka kamba uani mpaka akafukuzwa. Alikohoa kidogo akikimbia, lakini nani alikiita kile kikohozi? Kwa watu wa nyumba ile, kikohozi ni kile kinachomkunja mtu mzima mpaka ashike ukuta.

Tena ukweli ni kwamba kazi ya kusuka humfundisha mtu kuwajua wenzake kwa nyuma. Mama Chiriku alijua visogo vya mtaa mzima, makovu na mabaka yake yote. Nyuso aliziona wakati wa kuaga.

Baadaye Bonge akachemka. Huyo alikuwa mdogo wake Chiriku, mnene, anatambaa, naye alikula chochote alichoachiwa na dada yake, hata kilichokwisha kutafunwa. Alilia siku nzima, pua imeziba. Wakasema naye ni meno, maana kwa umri wake ilikuwa haki. Kisha fundi bomba akaamka sauti imekauka, akakohoa kile kikohozi cha kushika ukuta. Hakungoja kuambiwa. Alikwenda mwenyewe kukaa kwenye kigoda, mabega yameshuka, akamsalimia mama yake kutoka pale kama mgeni asiyejulikana.

"Umelowa wapi?" mama yake alimuuliza kutoka ndani.

"Kwenye bomba la watu, mama."

"Nilikwambia uvae sweta."

Lawama ya kwanza, basi, ikaenda kwa bomba na sweta.

Ya pili ililetwa na wifi. Dada yake fundi bomba alikaa mbali kidogo na alifanya kazi kwenye kiwanda cha mikate, mwanamke hodari, mwepesi wa mkono na mwepesi zaidi wa ulimi. Alikuja kumwona mama yake. Chiriku alimrukia mlangoni, akamning'inia shingoni, akambusu mashavu yote mawili na kumwacha ameloa, kisha akakimbilia ndani kwa Bibi. Wifi alijifuta huku akicheka. Aliposikia kaka yake anakohoa, kicheko kikakatika. Alitazama barazani, walipokuwa wateja wawili wakisubiri zamu, akamvuta Mama Chiriku jikoni.

Alimweleza kwa upole kwanza. Alisema hamlaumu mtu, lakini nyumba yenye mgonjwa wa kifua haiwezi kuwa nyumba ya kila anayetaka kichwa chake kishikwe. Watu wanatoka kusikojulikana, wanampumulia msusi, na msusi anamhudumia mama. Akamwomba asiingie tena chumbani. Chakula akifikishe mlangoni.

"Na nani atampelekea ndani?" Mama Chiriku aliuliza.

"Chiriku si yupo? Mtoto hana neno."

Mama Chiriku hakubishana. Kubishana hakukuwa katika tabia yake, na moyoni aliogopa kwamba wifi anasema kweli. Alianza kujifunga kitambaa puani akiwa kazini. Alinawa mikono mpaka ikapauka. Sahani ya Bibi aliiweka juu ya kigoda, akarudi nyuma, na Chiriku akaibeba kwa mikono miwili akaingia nayo, akiionja njiani kuona kama imepoa.

Pamoja na hayo yote, Bibi akaanza kukohoa.

Asubuhi moja, aliposhindwa kumaliza sentensi bila kutafuta pumzi, walimpeleka zahanati, fundi bomba akimshika upande mmoja na wifi, aliyepigiwa simu akaja mbio, upande wa pili. Mama Chiriku alitembea nyuma akiwa amebeba shuka. Muuguzi aliyewapokea alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya taratibu. Alimvalisha Bibi kinyago chenye mvuke wa dawa, akasikiliza kifua, akasema wamemuwahi. Ni virusi vya mafua, kwa wengi hupita, lakini kifua cha namna hii hakina akiba. Atarudi nyumbani na dawa, na wamwangalie. Asipate nafuu, wamrudishe bila kungoja.

Kisha akauliza, kama anayeuliza hali ya hewa, nani alianza kuumwa pale nyumbani.

"Mimi," fundi bomba alisema.

"Watoto je?"

Wifi alijibu kwamba mkubwa ni mzima kabisa, anaruka kamba, ana makamasi tu ya jino.

Muuguzi alitabasamu kidogo, tabasamu la mtu aliyeyasikia maneno hayo mara nyingi. Wifi na kaka yake walikuwa wameshamgeukia Bibi kumrekebishia kinyago, kwa hiyo aliyesikia yaliyofuata ni Mama Chiriku peke yake. Muuguzi alimwambia kwamba jino halileti makamasi. Watoto huyapata mafua shuleni wao kwa wao, na wengi hayawalazi. Wanabaki wanacheza, na huku wanayagawa nyumba nzima, hata baada ya kuonekana wamepona, kwa sababu mtoto hukaa karibu na uso wa mtu kuliko mtu mwingine yeyote. Hana kosa. Ndivyo watoto walivyo. Ila Bibi asifungiwe na hewa yao. Dirisha lifunguliwe.

Mama Chiriku alisimama na shuka lake mkononi. Uzi, mate, meno ya Bibi, sahani iliyoonjwa, pua kwa pua katika chumba kilichozibwa kila ufa. Yote yakampitia mbele ya macho. Walikuwa wamelinda mlango, na kumbe kila siku waliusukuma ugonjwa ndani kwa mikono yao wenyewe, ukiwa umebeba sahani.

Waliporudi na kumlaza Bibi, wifi aliwakusanya sebuleni. Alisema ameamua. Mama akipata nguvu ya kukaa kwenye gari, atamchukua akaishi kwake. Moja kwa moja. Hapa pameshindikana. Aliyeuleta ugonjwa huu anajijua, na yeye hatataja mtu.

Hakuna aliyekuwa na shaka ni nani ambaye hatajwi.

Chiriku alikuwa amesimama karibu na kabati, ameshika kibunda cha kuchomekea sindano. Mama yake alimtazama. Neno la muuguzi lilikuwa limefika kwenye ncha ya ulimi wake. Angelitamka, angekuwa amejisafisha mbele ya wote. Lakini aliujua ulimi wa wifi yake. Ungemfuata mtoto kwenye kila sherehe na kila msiba mpaka awe mtu mzima: huyu ndiye aliyetaka kumuua bibi yake. Akalimeza lile neno.

"Huenda ni mimi, wifi," alisema. "Nisamehe."

Wifi hakutegemea kukubaliwa haraka namna ile. Akachukua mkoba wake akaondoka.

Jioni, akiosha vyombo, Mama Chiriku alimweleza mumewe yote. Fundi bomba aliweka kikombe chini. Akauliza ni uzi upi. Akaelezwa. Akatazama mikono yake iliyoziba nyufa za dirisha kwa matambara, akasema kwa sauti ndogo kwamba kumbe yeye ndiye aliyefunga chupa na ugonjwa ukiwa ndani. Mkewe alimwambia waache kutafutana. Ni mtoto, na mtoto hakujua.

Hawakuona kwamba mlango wa jikoni ulikuwa wazi kidogo.

Siku iliyofuata nyumba iliamka kimya. Hakuna aliyegundua kilichopungua mpaka mchana, kama mtu anayesahau saa ya ukutani mpaka isimame. Chiriku alirudi shuleni, akaweka begi polepole, hakuingia kwa Bibi. Mama yake alimsuka mteja, akamaliza, akainuka kumtafuta. Alimkuta amekaa kwenye kigoda nje ya mlango wa Bibi, mkono mmoja umefunika mdomo, mwingine umefunika pua, macho yamemtoka kwa kubana pumzi.

Mama Chiriku alikaa sakafuni. Kwa mazoea alikaa nyuma yake, mikono ikaanza kugusa nywele. Halafu akasita, akazunguka mbele, akamtazama mwanawe usoni. Makamasi yalikuwa yamekauka juu ya mdomo. Mkono wa sweta ya shule ulikuwa mgumu kama gamba.

Akamtoa mikono usoni, taratibu. "Pumua, mama."

"Nikipumua Bibi atakufa."

"Nani kasema?"

"Wewe. Ulimwambia baba." Akaonyesha kigoda kwa kidole. "Mimi ndiye nakohoa. Mtu anayekohoa anakaa hapa."

Mama Chiriku angeweza kumdanganya, na uongo ulikuwa karibu. Lakini mtoto alikuwa ameshasikia, na mtoto aliyesikia hudanganyika mara moja tu. Alimwambia mafua ni kama vumbi la njiani, kila apitaye hubeba kidogo bila kujua. Aliyempa Chiriku ni mtoto mwenzake, naye alipewa na mwingine, na wote walikuwa wanacheza tu. Alimwambia waliokosea ni wakubwa, waliomwona ana makamasi wakasema jino. Dawa Bibi amepata. Kilichobaki ni kuosha mikono, kutomsogelea usoni mpaka hii pua ikauke, na kutotia uzi wake mdomoni, hata pua ikishakauka.

Chiriku alisikiliza yote. Kisha akauliza lile alilokuwa amelikalia.

"Shangazi anamchukua kwa sababu yangu?"

Mama yake alianza kumfuta pua. Ndani, nyuma ya mlango, Bibi alikohoa, akatulia, akapaza sauti yake iliyochakaa.

"Nani anagawana mali yangu hapo nje na mimi bado nipo?"

Wakainuka wote wawili.

"Mama Chiriku, njoo ufungue dirisha hili. Mwanangu amenifunga humu kama samli."

Mama Chiriku aliingia kwa mara ya kwanza tangu akatazwe. Aliyatoa matambara, akafungua dirisha lote. Hewa ya mchana ikaingia na sauti za mtaa. Bibi alijifunika shuka mpaka kidevuni, akavuta pumzi, akasema hakujua kwamba mtaa una kelele nzuri namna hii. Alipomwona mkwe wake amesimama mbali, mkono puani, alimwambia asogeze kiti. Akakisogeza. Bibi alimshika tu kiganja kilichopauka kwa sabuni, akakigeuzageuza, akatikisa kichwa.

Mwisho wa juma wifi alikuja na gari la kukodi. Bibi alikuwa ameanza kukaa, kikohozi kimelegea, ingawa bado alipumzika kati ya neno na neno. Nguo zake wifi alikuwa amezipanga begini kabla hajaketi. Fundi bomba alisimama katikati ya chumba kama mtu aliyekatiwa maji. Mama Chiriku alikunja shuka ambalo lilikuwa limekwisha kukunjwa. Chiriku alikuwa nje ya mlango, kwenye kigoda chake, haongei.

Wifi alisema kwamba kwake ni patulivu. Hakuna wateja, hakuna vichwa vya watu. Akataka kuongeza neno, akasimama, uso ukajikunja, akapiga chafya. Akapiga ya pili. Alisema ni unga wa kiwandani. Akapiga ya tatu, macho yakamlowa.

Bibi alikuwa akitazama dirishani. Nje, ndani ya gari, watoto pacha wa wifi waliokuja kumchukua bibi yao walikuwa wamebandika nyuso kwenye kioo. Kila mmoja alikuwa na mifereji miwili, inashuka na kupandishwa.

"Mwanangu," Bibi alisema, "wale wajukuu zangu nao, ni jino gani linalowasumbua?"

Wifi aligeuka. Alitazama gari, akawatazama watoto wake kwa muda kama mtu anayeona picha yake ambayo hakujua ilipigwa. Akakaa kitandani, mbali na mama yake, akatoa leso.

Bibi hakumcheka, wala hakumwacha hivi hivi. Alimwambia asimtafute mchawi katika nyumba hii. Aliyemwita mtoto na makamasi yake ni yeye mwenyewe, Bibi.

"Macho haya hayaoni tundu la sindano, lakini makamasi ya mjukuu wangu niliyaona siku ya kwanza," alisema. "Nilisema, nikimrudisha nitakaa na nani? Nikampa uzi." Akapumzika. "Na kesho nikipona nitampa tena. Huko kwako nitapewa utulivu. Nitaufanyia nini?"

Jibu la wifi lilikuwa chafya nyingine. Hatimaye alitoka nje ya chumba, akamkuta Mama Chiriku amejibanza koridoni. Alisimama naye kidogo. Alimwambia angesema tu siku ile kwamba si yeye, wifi, mbona hakusema. Mama Chiriku alitazama chini. Wifi akafuata macho yake mpaka kwenye kigoda, kwa mtoto aliyeinamisha kichwa, na akaelewa. Hakuomba radhi kwa maneno. Alifungua lile begi, akaanza kurudisha nguo za mama yake kabatini, moja baada ya nyingine, huku akilalamika kwamba kabati lenyewe halina mpangilio.

Pua ya Chiriku ilichukua muda wake kukauka. Siku hizo kigoda kilihamishwa nje, chini ya dirisha la Bibi lililokuwa wazi sasa kutwa nzima, na fundi bomba akabandika kipande cha sabuni kwenye kizingiti cha dirisha hilo. Mama Chiriku ndiye aliyepata wazo hilo: nywele zisizotaka kushikana yeye huzilainisha na kitu, kwa nini uzi usilainishwe? Chiriku aliuburuta uzi juu ya sabuni, ukasimama wima kama waya, akaupenyeza. Alitunga sindano zote za kibunda, akanawa, akakiweka kizingitini na kurudi nyuma. Mwanzoni alifanya hivyo bila neno.

Bibi aliichukua sindano ya kwanza, akashona tundu la kifungo la kwanza tangu augue. Lilitoka pogo kidogo. Alipomaliza aliinama, akaukata uzi kwa meno kama alivyozoea, kisha akabaki na mdomo wazi, uso umejikunja wote.

"Mke mwenzangu," alisema, akitema povu kwenye leso, "kama unamtaka mume wangu mchukue, lakini usinifue nikiwa hai."

Chiriku alianza kucheka kabla hajajizuia. Halafu, akiwa ameshika mkasi wa mama yake ili kumnyooshea Bibi, akakumbuka kwamba shuleni kuna mtoto aliyekula chaki, na kwamba mwalimu alipomuuliza alitoa moshi mweupe mdomoni, na kwamba yeye Chiriku aliona kwa macho yake, na kwamba si hiyo tu.

Barazani, mama yake alikuwa na kichwa cha mteja mikononi. Mteja alimuuliza huyo anayepiga kelele hivyo ni nani. Mama Chiriku alimwinamia mbele, akamwangalia puani kwanza, kama alivyokuwa akiwaangalia wote siku hizi, ndipo akajibu kwamba ni mwanawe, yuko kazini.